KIINUA MGONGO SI SADAKA

Imekuwa desturi ya baadhi ya waajiri nchini Tanzania kuwakusanya wafanyakazi asubuhi moja, kuwagawia barua za kupunguzwa kazi, kisha kuyaita hayo mashauriano. Huo ni uonevu mtupu! Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 chamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aeleze sababu kinagaubaga, na ajadiliane na chama cha wafanyakazi namna ya kuepusha balaa hilo, jinsi ya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Pasipo mapatano, shauri hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Lakini lililo zito zaidi ni hesabu. Kifungu cha 42 chataja kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, mwisho miaka 10. Basi mwendesha mtambo aliyetumika miaka 22 huondoka na mshahara wa siku 70. Jasho lake la miaka 12 halihesabiwi kabisa. Sheria imesema "kisichopungua". Viongozi wa matawi wanaokubali kima hicho cha chini pasipo kudai hata shilingi moja ya ziada wamekwenda kunywa chai ya mwajiri tu.

Naye mfanyakazi asiharakishwe kutia sahihi. Malipo ya notisi, likizo aliyolimbikiza, na nauli ya kumrudisha alikoajiriwa ni haki nyingine, nje ya kiinua mgongo.