MTU ANA JINA, AITWE KWA JINA LAKE



Liko jambo ambalo limeleta mabishano mengi kila mahali watu wanapokaa kusikiliza mpira. Wazee wamebishana, vijana wamebishana, na wengine wameachana pasipo kuagana. Jambo lenyewe ni hili: mtu akimtaja mchezaji kwa rangi ya ngozi yake, akasema "yule mweusi", je, amefanya ubaguzi wa rangi, au ametaja tu kile ambacho macho yake yameona?

Wengine husema: "Mweusi ni mweusi, na Mungu ndiye aliyemwumba hivyo. Ukimwita mweusi umemtukana nini?" Wengine hujibu: "Neno hilo halitoki kinywani mwa mzungu ila limechovywa katika sumu." Sisi tumeyasikia maneno ya pande zote mbili, na leo twapenda kutoa shauri letu wazi, bila kuficha na bila kumwonea mtu.

Tuanze na kisa kilichowasha moto huu. Tarehe 8 Desemba 2020, mjini Paris, timu ya Paris Saint-Germain ilikuwa ikicheza na İstanbul Başakşehir ya Uturuki katika mashindano ya mabingwa wa Ulaya. Robo saa haijatimia, makelele yakatokea penye viti vya Waturuki. Mwamuzi wa nne, Sebastian Colțescu wa Rumania, alitaka mwamuzi mkuu amwadhibu mtu mmoja wa viti vile. Mtu huyo alikuwa Pierre Webo, mwana wa Kameruni, aliyepata kuichezea timu ya taifa lake, na siku ile alikuwa mwalimu msaidizi. Colțescu hakumtaja kwa jina wala kwa kazi. Alimwonyesha kwa neno la lugha yake, "negru", maana yake mweusi.

Hapo akasimama Demba Ba, mchezaji wa akiba, aliyekuwa ameichezea Senegali. Uwanja ulikuwa mtupu kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na kwa hiyo dunia nzima ilisikia swali lake. Alimwuliza mwamuzi: ukimtaja mzungu husemi "yule mzungu", wasema "yule mtu", mbona ukimtaja mweusi wasema "yule mweusi"? Timu zote mbili zikatoka uwanjani, na mchezo ukamalizwa kesho yake chini ya waamuzi wengine. Mwezi wa Machi 2021 shirika la UEFA lilimsimamisha Colțescu mpaka tarehe 30 Juni ya mwaka ule. Lakini kosa liliandikwa kuwa ni mwenendo usiofaa. Halikuandikwa kuwa ni ubaguzi.

Wako waliosema kwamba mtu yule ameonewa, kwa kuwa katika Kirumania neno hilo ni jina la rangi tu. Sisi hatubishani na lugha ya Warumania. Nasi pia hatuoni haya kuitwa weusi, maana weusi si aibu. Hapa kwetu, uwanjani, sote tukiwa Waafrika, twasema "mpe ule mweusi" na "mzuie ule mweupe", wala hakuna anayekasirika. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja hutajwa sawasawa na mwenziwe. Mweupe ana rangi, mweusi ana rangi, na mchezo ukiisha wote wana majina.

Lakini wazee wetu wajua vizuri kwamba neno lisilo na kosa laweza kugeuzwa kuwa fimbo. Neno "boi" lina kosa gani? Ni neno la Kiingereza, na maana yake ni mtoto wa kiume. Walakini mwenye mvi, baba wa watoto na wajukuu, aliitwa boi na kijana wa Kizungu ambaye ndevu hazijamwota. Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, Patrice Lumumba, ambaye katika ujana wake alipata kufanya kazi hapa hapa Kalima, aliwakumbusha Wabelgiji jambo la namna hiyo. Katika Kifaransa yako maneno mawili ya kumwambia mtu "wewe". Liko "tu", la rafiki na la mtoto, na liko "vous", la heshima. Lumumba alisema kwamba mweusi aliambiwa "tu", wala si kwa urafiki, bali kwa kuwa "vous" iliwekwa kwa wazungu peke yao. Neno "tu" halina tusi hata kidogo, Wafaransa wengi huwaambia mama zao. Tusi lilikuwa katika mgawanyo: huyu hupewa heshima, na yule hunyimwa.

Basi hivyo ndivyo tunavyolipima neno la Paris. Swali la Demba Ba halikuwa juu ya rangi, lilikuwa juu ya mgawanyo. Wazungu waliokuwa pale walikuwa watu, kila mmoja na jina lake na kazi yake. Webo peke yake ndiye aliyekuwa rangi.

Pengine mtu atasema: "Haya ni maneno tu, hayavunji mfupa." Ndugu, tutawakumbusha kisa cha nyumbani.

Mwaka 1974 timu ya Zaire, yaani Kongo yetu, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufika katika Kombe la Dunia. Mwezi wa Machi mwaka ule, nchini Misri, ilikuwa imetwaa Kombe la Afrika, na Ndaye Mulamba alikuwa amefunga mabao 9 katika mashindano yale. Tarehe 18 Juni 1974, katika mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani, timu yetu ilikutana na Yugoslavia. Ilipofungwa bao la nne wachezaji wetu walimzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Kolombia, wakilalamika. Katika msukosuko ule Mwepu Ilunga alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamfukuza Ndaye Mulamba!

Ndaye hakupiga mtu. Alivaa jezi namba 13, na Mwepu alivaa namba 2. Ndaye alieleza kwamba si yeye, haikusaidia, akatoka. Zaire ilibaki na watu kumi, na siku ile ilifungwa mabao 9 kwa 0. Hatuwezi kuingia moyoni mwa mwamuzi tukasema alikusudia nini. Twasema hili tu: namba mbili zile zilikuwa mgongoni, kubwa, kila mtu aliweza kuzisoma. Jicho lililozoea kuona weusi kwanza na mtu baadaye lawezaje kumjua Ndaye na Mwepu? Kwa jicho hilo wote ni "yule mweusi". Na watu wakiwa kitu kimoja, kosa la huyu hulipwa na yule. Hayo ndiyo matunda ya kumnyima mtu jina lake.

Siku nne baadaye timu yetu ilicheza na Brazili. Wabrazili wakapewa mpira wa adhabu, na kabla hawajaupiga Mwepu alitoka mbio akaupiga mbali. Dunia ilicheka, na iliendelea kucheka miaka mingi. Walisema, tazameni Waafrika, hata sheria za mpira hawazijui. Mwepu alieleza baadaye kwamba sheria alizijua na kwamba alifanya kusudi. Wachezaji walikuwa na uchungu wa fedha zao ambazo hawakulipwa, na hofu ya watawala iliwakalia shingoni. Mzungu angalifanya vile wangalisema, "Mtu huyu amekasirika." Alipofanya mweusi walisema, "Hao hawajui." Kwa mzungu kosa ni la mtu mmoja, kwa mweusi kosa ni la ngozi nzima.

Tena msidhani kwamba jambo hili hukaa katika matusi peke yake. Hukaa katika sifa pia. Mwezi wa Juni 2020 ulitolewa uchunguzi wa kampuni ya Denmark iitwayo RunRepeat, ambayo ilisikiliza watangazaji wa mpira katika michezo 80 ya Italia, Uingereza, Hispania na Ufaransa. Ilionekana kwamba mchezaji mwenye ngozi nyeupe husifiwa zaidi kwa akili na bidii yake, na mchezaji mwenye ngozi nyeusi husifiwa zaidi kwa nguvu na mbio zake. Sikilizeni sifa hiyo vizuri. Nguvu na mbio ni sifa ambazo hata punda hupewa! Akiisha sifiwa miaka ishirini kwa misuli, nani atakayemwita awe mwalimu wa timu, au mkuu wa chama cha mpira?

Romelu Lukaku, mzaliwa wa Antwerp, ambaye wazazi wake ni Wakongo, aliandika mwaka 2018 kwamba mambo yakienda vizuri magazeti humwita mshambuliaji wa Ubelgiji, na yakienda vibaya humwita Mbelgiji mwenye asili ya Kongo. Damu ni ile ile, miguu ni ile ile. Ila siku ya furaha ana nchi, na siku ya huzuni ana asili.

Hata hivyo hatutaki kuwa kama mtu aliyeumwa na nyoka akaogopa ung'ongo. Si kila anayetaja rangi ni mbaguzi. Mwezi wa Novemba 2020 Edinson Cavani wa Uruguay alimshukuru rafiki yake kwa maandishi, akatumia neno "negrito", ambalo kwao ni neno la mapenzi. Chama cha mpira cha Uingereza kilimfungia michezo mitatu na kumtoza pauni 100,000. Chuo cha lugha cha Uruguay kilipinga adhabu ile, nasi twaona kwamba kilikuwa na haki ya kupinga. Lakini Luis Suárez, Mruguay mwenziwe, alipolitumia neno "negro" mwaka 2011 katikati ya ugomvi na Patrice Evra, mzaliwa wa Dakar, naye akajitetea kwamba kwao si tusi, alifungiwa michezo minane, na hatukumlilia. Neno la rafiki mezani si neno la adui vitani, hata kama herufi ni zile zile.

Basi mtu atajuaje? Sisi twatoa maswali matatu, na kila mmoja ajiulize kabla ya kufungua kinywa.

Kwanza: Je, mtu huyu hana jina, hana namba, hana kazi ambayo ningeweza kumtaja kwayo? Kama anayo, rangi yatafuta nini hapa?

Pili: Je, mwenziwe wa rangi nyingine nami humtaja kwa rangi? Kama simtaji hivyo, basi nimewapima watu wawili kwa mizani mbili.

Tatu: Je, rangi hii naitaja ili mtu aonekane, au naitwika mzigo wa akili, wa nguvu, wa wizi na wa ujinga? Ikiwa nimeitwika mzigo, huo ni ubaguzi, hata nikiutia ndani ya sifa tamu.

Sasa, ndugu, tumewanyoshea wengine kidole. Na sisi je? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Je, hatumwiti mwenzetu aliyezaliwa na ngozi isiyo na rangi "zeruzeru" au "ndundu", kana kwamba mama yake hakumpa jina? Mwanamieleka wa Kinshasa, Mwimba Texas, ni mtu wa namna hiyo. Aliingia ulingoni, akapata sifa, akaitumia sifa yake kuanzisha shirika la kuwatetea wenzake. Ilimlazimu kuangusha watu ndipo aonekane kuwa mtu! Na wachezaji wa timu ngeni wakija hapa, je, hatuwatazami pua na urefu, tukawatoa katika taifa kwa kelele za uwanjani? Maneno ya namna hiyo hayakomi uwanjani. Katika Kongo ya mashariki tumeona yanakofika: huanza kwa kicheko, huishia kwa panga.

Sheria ya nchi yetu yalijua jambo hili. Ni amri-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966, nayo yakataza ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa kabila pamoja, katika karatasi moja. Walioiandika waliona kwamba maradhi haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Anayetaka kuponywa moja tu hataponywa lolote.

Twaandika haya kwa sababu milango imefunguka. Katika msimu wa 2024 na 2025 Maniema Union ya Kindu ilifika katika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikacheza na timu za Moroko na Afrika Kusini. Vijana wetu watakwenda mbali zaidi. Siku moja mwamuzi wa nchi ngeni atamwonyesha kidole mtoto wa Kalima. Twataka mtoto yule asimame wima na kusema, "Mimi nina jina." Lakini atalisemaje huko, ikiwa hapa nyumbani hakufundishwa kuwaita wenziwe kwa majina yao?

Basi twawaomba wanaoshika kipaza sauti uwanjani, wanaotangaza mpira redioni, walimu wa timu, wazazi na mashabiki: jifunzeni majina. Ni kazi ndogo. Haihitaji fedha wala ruhusa ya mkubwa. Rangi haina kosa, na asiyeona rangi ni kipofu. Lakini anayeona rangi peke yake ni kipofu zaidi.

Mtu ana jina. Aitwe!