Nguvu yetu haikodishwi: tunataka fasi ya kunyanyulia vyuma, Kasongo na Kabambare

Wandugu vijana wa Kasongo, wa Kabambare, na ninyi mulio mbali munaotusoma kwenye simu,

Tulipotangaza kwamba tamko la juma hili litakuwa juu ya vyuma, wengi walitucheka. «Barabara imekufa, usalama ni wa kubahatisha, walimu wanalia mishahara, na ninyi munataka kujaza misuli?» Ndiyo. Leo tunaandika juu ya vyuma. Musome mpaka mwisho, mutaona ni habari ileile.

Tuko sita. Wanne kati yetu wana diploma ya chuo kikuu na hawana kazi. Mmoja ni fundi wa moto, na dada yetu mmoja anauza mafuta ya mawese sokoni. Asubuhi wenye diploma tunazungusha barua za maombi, kila ofisi inatuambia turudi juma lijalo. Jioni tunanyanyua. Ofisi hazijibu, lakini chuma kinajibu: ukikifuata kwa nidhamu mwezi mzima, kilo zinapanda. Kwa kijana ambaye mwaka mzima hakuna mtu aliyemjibu, jambo hilo si dogo.

Mchezo wetu si wa kujipiga picha mbele ya kioo. Ni mchezo wa Olimpiki. Ulikuwepo Athens mwaka 1896, na wanawake waliingia kwenye Michezo ya Sydney mwaka 2000. Una vitu viwili tu: kunyakua chuma kutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mara moja, na kukipandisha kifuani kwanza kisha kukisukuma juu. Chuma cha mashindano cha wanaume kina kilo 20, cha wanawake kilo 15, kabla ya kuweka uzito wowote pembeni. Jukwaa lake lina mita nne kwa mita nne. Ukishindwa kubeba, unaachilia chuma kianguke na wewe unatoka salama. Kwa hiyo mahitaji yetu ni machache: chuma kilichonyooka, sakafu inayovumilia, na paa lililo juu ya mikono yetu. Hayo matatu tumeyatafuta mji mzima.

Fasi ya kwanza tuliyojaribu ni sale ya kulipia. Ni safi, ina feni na kioo. Lakini ni mashine za kukaa, za wakubwa wanaopunguza tumbo baada ya kazi. Malipo ya mwezi yanashinda makuta tunayopata kwa vibarua, na dari iko chini: mrefu wetu alisukuma chuma juu, kikagonga mbao. Siku tuliyoangusha kilo 60, mwenye nyumba alitoka mbio: «Munaniharibia sima yangu!» Hatumlaumu. Simenti ikifika Kasongo inakuwa imeshakula barabara yote, na kila mfuko una bei ya kuumiza. Alijenga kwa makuta yake, na hakujenga kwa ajili yetu.

Fasi ya pili ni uwanja wa nyuma wa nyumba moja, una vijana wengi na muziki mkubwa. Pale wanatunyima heshima, si chuma. Dada yetu aliambiwa: «Mwanamuke akinyanyua vyuma hatazala.» Wasemaji walewale wanamwona mama yao kila siku akitoka shamba na mzigo wa kuni mgongoni na mtoto kifuani, hakuna anayemwambia hatazaa. Mzigo wa kazi wanamruhusu mwanamke. Wa mchezo ndio wanamkataza. Tuliondoka wote sita.

Fasi ya tatu ni yetu wenyewe, chini ya mwembe. Tulichukua chuma cha gari bovu na kumwaga simenti na mchanga katika ndoo za rangi. Tukajiona mafundi. Miezi miwili baadaye, mwenzetu wawili wakalalamika mgongo, upande uleule wa kushoto. Tukabeba ndoo zetu mpaka kwa mfanyabiashara wa mchele, tukazipima kwenye mizani yake. Moja kilo 18, mwenzake kilo 21. Tulikuwa tumejipinda wenyewe bila kujua. Tena simenti ni nyepesi kuliko chuma, karibu mara tatu kwa ukubwa uleule, kwa hiyo ukitaka uzito mkubwa unapata ndoo kubwa zinazogonga magoti. Na mvua ikianza, michezo imekwisha.

Sasa tufike kwenye fasi ya nne, ambayo ndiyo sababu ya tamko hili.

Mwaka 2023 palifunguliwa sale moja nzuri. Vyuma vya kweli, diski za kweli, paa juu, na bule. Hakuna kulipa. Kila mtu alijua ni ya nani: kandida mmoja wa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Hatutataja jina, kwa sababu tabia hii si ya mtu mmoja, na akiondoka yeye atakuja mwingine mwenye vyuma vipya.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Mwenzetu mmoja aliongeza kilo 15 katika kunyanyua kwake. Tarehe 19 Novemba kampeni ikafunguliwa, na kwenye mlango wa sale tukakuta fulana zimepangwa kwa saizi. Kwanza tuliambiwa ni kutembea na msafara tu. Siku ya tatu ikawa kulinda njia. Siku ya tano ikawa kung'oa picha za wengine na «kuwafundisha heshima» vijana wa upande wa pili. Vijana hao tumekaa nao darasa moja.

Wanne wetu tulirudisha fulana. Kesho yake mlango ulifungwa kwetu. Wawili walibaki mpaka mwisho, na hatuwaiti wasaliti: makuta yale yalinunua chakula cha nyumba, na mwenye njaa hatafutiwi mashtaka na mwenzake mwenye njaa. Mmoja wao alirudi na kichwa kimepasuka. Dawa alijinunulia mwenyewe. Aliyemtuma hakushika simu. Baada ya uchaguzi vyuma vilipakiwa kwenye gari, vikaondoka. Sale ikabaki kuta.

Lazima tuseme na kosa letu. Sisi wa harakati, tunaoandika kila siku juu ya haki, tulinyanyua mle ndani miezi mingi na tukanyamaza. Tulijua. Tulijiambia: chuma hakina chama. Ni kweli chuma hakina chama, lakini mwenye ufunguo alikuwa nacho. Tulitaka sana zile diski, na hiyo tamaa ndiyo iliyotufunga mdomo. Tunawaomba radhi vijana waliotufuata mle wakidhani kama sisi tupo, basi hakuna ubaya.

Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda kundi la kivita la binafsi au kudumisha vijana wenye silaha, na inaita kosa hilo uhaini mkubwa. Watatuambia: mbona fulana si silaha, na vijana wa kampeni hawana bunduki? Sawa. Lakini muulize vijana wa Kabambare njia inaanzia wapi.

Kule Salamabila dhahabu ya Namoya imevuta kampuni, wachimbaji, wafanyabiashara na watu wa silaha, na jina la Mai-Mai Malaika kila mkaaji analijua. Kijana wa Kabambare mwenye mabega mapana ana njia tatu tu mbele yake: kubeba mifuko ya mawe shimoni, kusukuma kinga yenye mabidoni ya mafuta mpaka Kasongo, au kuitwa msituni. Mmoja wa wasukuma kinga alipita chini ya mwembe wetu jioni moja, akaomba kujaribu. Hakuwahi kufundishwa. Alinyakua uzito ambao sisi tulihangaikia mwaka mzima, akacheka, akauliza: «Hii munalipwa?» Tukamwambia hapana. Akasema kwao watu walishamwona mara mbili na kumwambia mwili kama wake ni hasara kukaa bule. Watu hao hawakuwa makocha.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Katika inchi ambapo hakuna fasi ya wazi ya kutumia nguvu, nguvu ya kijana haikai bule. Inapata mwenyewe. Atakayewahi kuiweka chini ya paa ndiye atakayeituma.

Na si jambo jipya katika Maniema. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, siku ambazo Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip na watu wake. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold yaliuchukua mji, lakini mizigo ilibaki kwenye vichwa vilevile. Vita ya dunia ya kwanza ilipokuja, maelfu kwa maelfu ya watu wa mashariki ya Kongo walibebeshwa mizigo ya jeshi lililoingia Tabora mwaka 1916, na wengi hawakurudi. Miili ya hapa imenyanyua kila kitu, ila kwa faida ya mwingine. Sisi tunataka kunyanyua kitu ambacho tukimaliza tunakiweka chini na kwenda nyumbani.

Hatuwadanganyi vijana kwamba mchezo huu utawalisha. Julai 2021 mnyanyua vyuma wa Uganda, Julius Ssekitoleko, alikuwa kambini Izumisano, Japani, kabla ya Michezo ya Tokyo. Alipojua hatashindana, alitoroka, akaacha barua kwamba maisha ya kwao ni magumu na anataka kutafuta kazi. Alipatikana baada ya siku chache, akarudishwa nyumbani. Mtu aliyefika mlango wa Olimpiki alikuwa anatafuta kitu kilekile tunachotafuta sisi Kasongo: kazi. Kwa hiyo hatuombi medali, na fasi ya mchezo haitachukua nafasi ya kazi. Tunaomba fasi ambayo kijana asiye na kazi anaweza kuingia bila kuuza roho mlangoni.

Katiba hiyohiyo, kifungu cha 42, inalazimisha serikali kulinda vijana katika afya, elimu na maendeleo yao. Kifungu cha 43 kinasema makundi ya vijana yana kazi ya kuelimisha, na serikali inapaswa kuyasaidia. Basi wakubwa wa teritware ya Kasongo na ya Kabambare, hatuwaombi zawadi. Tunadai haya manne:

1. Nyumba moja ya umma yenye paa la juu katika kila teritware. Munazo depo za zamani ambazo wapangaji wake ni popo. Mutupe barua na ufunguo, sakafu tutamwaga sisi.

2. Ukutani kusiwe na picha ya mtu yeyote. Anayetaka kutoa diski, awe mbunge, mfanyabiashara au ndugu aliye ng'ambo, karibu. Risiti itabandikwa mlangoni, watu wote waione, na shukrani itaishia hapo. Hakuna fulana, hakuna msafara.

3. Dada zetu wawe na saa zao na wawe kati ya wenye ufunguo. Siyo wageni wa kuruhusiwa. Wenye ufunguo.

4. Mwalimu mmoja wa mchezo aje, hata kwa majuma mawili kwa mwaka. Nguvu tunayo. Tunachokosa ni mtu wa kutuonyesha namna ya kukaa mgongo kabla haujavunjika.

Na sisi tunaahidi: daftari la wanaoingia, usafi, hakuna pombe, na siku yoyote mmoja wetu akionekana kwenye fujo za kampeni kama mtu wa kukodiwa, anarudisha ufunguo. Hata akiwa mwanzilishi.

Barua tumeshaandika, nakala mbili, moja kwa kila teritware. Tunatafuta majina ya kuweka chini yake. Waliobaki na kandida mwaka 2023 pia waje kutia jina. Nafasi yao ipo.

Wakati tunangoja jibu, hatukai. Jumamosi hii, baada ya sala ya alasiri, tutakuwa chini ya mwembe. Tutavunja zile ndoo za kilo 18 na 21 na kumwaga upya, na safari hii tutapima kila moja mbele ya watu. Mchanga upo, mfuko mmoja wa simenti tumeuchangia. Tunakosa ndoo mbili za rangi za saizi moja. Mwenye nazo alete.

Vijana wa harakati, Kasongo