Wakanda walipigania jiwe la nani?



Vijana wengi wa kwaya zetu wana filamu za Avengers ndani ya simu, na wababa na wamama wanajiuliza ni kitu gani hicho kinachowazuia watoto kulala. Niseme waziwazi tangu mwanzo: mimi ninazipenda. Zile mbili kubwa, Infinity War ya mwaka 2018 na Endgame ya mwaka 2019, nimeziona zaidi ya mara moja, mara kwa Kifaransa, mara na yule mfasiri wa Kiswahili anayepiga kelele juu ya sauti yao mpaka husikii tena silaha. Kwa hiyo usikimbie ukurasa huu, sikukuita hapa ili nikukataze. Nataka tuongee kama watu wawili waliotoka kutazama pamoja, maana mna jambo ndani yake linalotugusa sisi wa Masisi, Walikale na Goma kuliko wenye kuitengeneza walivyofikiri.

Kwa mama ambaye hajaiona, nifupishe. Kuna jitu moja linaitwa Thanos, rangi ya zambarau, kidevu kina matuta kama shamba la viazi. Anazunguka ulimwengu akitafuta mawe sita yenye nguvu. Akiyapata yote, atapiga vidole mara moja tu, na nusu ya viumbe hai itatoweka. Sababu yake ni kwamba viumbe ni wengi mno na mali ni kidogo. Wakipungua, watakaobaki watashiba. Mashujaa wanataka kumzuia. Jiwe moja limepachikwa kwenye paji la uso la mwenzao Vision, basi wanamkimbiza Wakanda, ile nchi ya Afrika ambayo Stan Lee na Jack Kirby waliibuni katika vitabu vya picha mwaka 1966, kwa sababu binti mfalme Shuri ana ujuzi wa kulitoa pasipo kumuua.

Sasa, furaha yangu kwanza. Wakati askari wa Wakanda wanajipanga uwanjani na mikuki yao, na ngao zinawaka, nilisahau kwamba mimi ni mtu mzima. Kati ya walinzi wale wanawake yumo Ayo, anayechezwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Dada wa karibu kabisa! Na Thor anapoteremka na shoka lake kutoka mbinguni, wakati watu wetu wamekwisha kuzidiwa, nilisimama nikapiga makofi. Watoto wangu wanacheka mpaka leo.

Lakini mara ya pili nilitazama kwa macho mengine, na nikaumia.

Jiwe lile si la Wakanda. Wao wana mali yao, vibranium, ambayo katika filamu Black Panther tunaambiwa waliificha kwa karne nyingi ili wageni wasije kuwaharibia. Wanafungua mlango, na mara wageni wanaingia na jiwe la watu wengine, na vita vinafuata nyuma yake. Mbele kidogo, Vision mwenyewe alitaka jiwe livunjwe hata kama atakufa. Captain America akakataa kabisa kutoa uhai wa mmoja ili wengine waokoke. Maneno mazuri, na mtu mzuri. Lakini kutoka hapo anakwenda Wakanda, na pale wanakufa askari ambao hatuambiwi hata jina la mmoja. T'Challa anaamuru kizuizi cha mwanga kifunguliwe, wale wanyama wa Thanos waingie kwa mbele badala ya kuzunguka nyuma mahali Vision alipolazwa. Kwa mkuu wa vita hesabu hiyo ni sawasawa. Kwa yule kijana wa mstari wa kwanza, ndugu msomaji, ni hesabu gani?

Na mwishowe jiwe linachukuliwa, na Vision anakufa.

Mtu wa Rubaya akitazama hapo hahitaji mfasiri. Udongo mweusi unaotoka kwenye milima ile, koltani, ndani yake mna tantalamu, na tantalamu imo katika simu uliyoishika ukitazama filamu hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei yake ilipanda kama wazimu, watu wakaacha mashamba, halafu mwaka 2001 ikaanguka. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na Goma yetu mwishoni mwa Januari 2025. Kabla yao walipita wengine, na kila aliyepita alisema amekuja kulinda. Usifikiri tena ni hadithi tupu kwamba jiwe la Afrika linaamua vita vya wengine: sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Waliolichimba hawakuambiwa ni la nini.

Haya, tuje kwa Thanos mwenyewe, maana ndiye anayenisumbua zaidi. Baada ya kutazama pamoja na vijana, mmoja wao, mtoto mwenye akili, aliniambia: "Lakini Pasta, ule mutu ana haki. Batu tumekuwa bengi sana." Wengine wakacheka, ila niliona wengi wanakubali. Sikushangaa. Neno hilo nilikwisha kulisikia Goma mwaka 2023 na 2024, wakati kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zilipojaa wakimbizi wa vita. Lilisemwa kwenye mistari ya maji, na waliolisema walikuwa waumini: hawa wamekuwa wengi, ndiyo sababu maji hayatoshi.

Basi tufikiri maji. Goma imekaa juu ya Ziwa Kivu. Ni maji matamu, kina chake kinafika karibu mita 480. Mtoto anasimama na bidoni yake saa tatu, na kutoka pale anaona ziwa linang'aa. Ukiwaondoa nusu ya watu kwenye mstari ule, bomba litajijenga? Pampu itajitengeneza? Mwenye gari la maji atashusha bei? Na kule mashimoni ni vilevile. Mchimbaji hakosi sabuni kwa sababu wachimbaji ni wengi. Mali imo, inatoka kila siku kwa magunia, ila haimrudii. Toa nusu ya watu wa Rubaya, na mlima utabaki na wenyewe walewale.

Tena tazama ujinga wa Thanos. Yeye ana mawe yote sita, anaweza kufanya lolote. Kwa nini asiongeze chakula mara mbili? Swali hili wapenzi wa filamu hii wanaliuliza tangu 2018, na mimi sijaona jibu. Jibu langu ni kwamba hakuwahi kutaka watu washibe. Alitaka kuonyesha kwamba tangu zamani, kule kwao Titan walipokataa shauri lake, yeye ndiye aliyesema kweli.

Filamu ya pili inamjibu vizuri kuliko mimi. Miaka mitano imepita, nusu ya watu hawapo, na wapi ile shibe? Bandari imekufa, mashua zimeachwa. Captain America anakaa na watu wachache kwenye viti vilivyopangwa duara, wanaongea habari za waliopotea. Hapo hamna vita hata kidogo, na ndipo ninapopapenda kuliko pote. Halafu Scott Lang anarudi baada ya kufungwa mahali pa ajabu, anakimbia kati ya mawe yaliyoandikwa majina, anatafuta kama jina la binti yake limo. Waliokimbia Sake usiku baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, wakapotezana na watoto njiani, wanajua mbio zile.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani na baadhi yenu. Thanos, ili apate jiwe la roho, anamtupa binti yake Gamora kutoka juu ya jabali, huku machozi yanamtoka. Nimesikia vijana wakisema: lakini alimpenda, ni kama Ibrahimu. Hapana. Kwa Ibrahimu kisu kilizuiwa na kijana alirudi nyumbani. Hapa baba analia na mtoto amekufa, na jiwe liko mkononi mwake. Machozi hayo nimeyaona pia kwa wazazi wanaoniambia kwa uchungu namna mtoto wa miaka kumi anavyoosha madini mtoni badala ya kwenda shule. Ninajua umaskini ni mkali. Hata hivyo namuuliza baba yule: franga za jana zilinunua nini?

Mengine niyaseme haraka. Mizaha ni mingi mno. Watu wanakufa na mwingine anatania. Ile safari ya kurudi nyuma katika wakati, katika Endgame, nimeelezwa na mwanangu mara tatu na bado. Ule ugomvi wa Iron Man na Captain America naona ni kweli kabisa: Stark anatembea na simu ndogo ya kukunja ya kumwita mwenzake, na dunia inawaka moto, lakini bado anasitasita kuibonyeza. Wenye kwaya wanajua. Na nilisikitika sana Chadwick Boseman, yule T'Challa, alipofariki kwa kansa mwezi wa Agosti 2020.

Lakini lililonichukiza zaidi ni mazishi. Stark amefanyiwa mazishi mazuri kando ya ziwa, wote wamevaa nyeusi. Natasha, aliyejitupa kutoka jabali lilelile ili wengine wapate jiwe, hakufanyiwa. Wale askari wa Wakanda nao hatukuwaona wakizikwa. Filamu mbili, karibu saa tano na nusu, na hawakupata nafasi ya dakika mbili kwa ajili yao! Kama unayo kwenye simu, tazama tena pale kizuizi kinapofunguliwa, simamisha picha, uangalie nyuso za mstari wa kwanza. Halafu niandikie uliona nini.