Kanieneo Si Neno Gumu

Wapo wasomi wetu wanaocheka wakisikia neno kanieneo. Husema ni neno la kuundwa mezani, halina ladha, na kwamba fizikia ibaki kwa Kiingereza kwa sababu Kiswahili hakiiwezi. Wengi wao wamekisema Kiswahili tangu walipoachishwa ziwa.

Hebu tulipasue neno lenyewe. Ni kani na eneo. Igawanye kani kwa eneo, basi, kanuni yote umeipata. Neno la Kiingereza linakuambia habari ya kukandamiza tu, eneo halimo. Na mtoto wetu, presha anayoijua nyumbani ni ugonjwa wa bibi yake.

Bibi huyo huyo anaijua kanieneo vizuri. Kabla ya kujitwika ndoo ya lita 20 husokota khanga akatengeneza kata. Je, kata inapunguza uzito? Hata kidogo, maji ni kilo 20 zile zile. Kinachobadilika ni eneo: badala ya kitako cha ndoo kuumiza utosi, mzigo unatandazwa juu ya sehemu kubwa zaidi ya kichwa. Mwalimu angeanzia hapo, kisha akaja kwenye kisu, ambacho hunolewa ili eneo la makali lipungue, somo lingeeleweka kabla kengele haijalia. Yeye huanza kwa kuandika herufi P ubaoni.

Nitaambiwa haya ni mambo ya darasani. Sivyo. Nilikuwapo katika mkutano wa kijiji kimoja uliojadili maji yaliyokuwa yakidondoka bombani tone kwa tone. Kijana aliyemaliza kidato cha sita, na fizikia akaifaulu, alishauri linunuliwe tangi la lita 10,000 badala ya lile la lita 5,000, eti maji mengi yatasukuma kwa nguvu zaidi. Nilibisha, nikashindwa, msomi kasema. Michango ya watu ikaenda huko. Tangi likaja, pana kweli kweli, likawekwa juu ya jukwaa lile lile, na maji yakaendelea kudondoka.

Kanieneo ya maji yaliyotulia hutegemea kimo cha maji yaliyo juu ya mahali unapopima. Upana wa chombo haumo katika hesabu hiyo. Kila mita 10 za kimo huongeza takriban kilopaskali 98, karibu sawa na kanieneo ya hewa inayotuzunguka huku pwani. Tangi lenye upana wa uwanja wa mpira, kama uso wa maji yake uko mita 2 tu juu ya bomba, litashindwa na mpira mwembamba wa bustani uliosimamishwa na kujazwa maji hadi mita 10. Maji ya ziada yana uzito, sikatai, lakini yanabebwa na sakafu pana zaidi: kani imeongezeka, na eneo nalo limeongezeka. Ndiyo ile kata ya bibi. (Bomba jembamba au lililoziba kutu huchelewesha maji pia, ila dawa yake si tangi pana.) Fedha zile zingejenga jukwaa refu.

Kijana yule hakuwa mjinga. Kanuni angeweza kuiandika kwa Kiingereza bila kukosea. Lakini h kwake ilikuwa herufi. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni urefu wa jukwaa.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari mwaka 1985. Mwaka huo ulikuja ukapita, na fizikia bado inafundishwa kwa Kiingereza katika sekondari zetu za Tanzania. Basi nawauliza wanaocheka: wale wazee waliokaa chini ya mwembe, na fedha zikiwa bado mfukoni, mngewaeleza kwa neno gani la Kiingereza?