Parite ya viti haitoshi: tunataka parite ndani ya atelye na labo

Ndugu na dada wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kalemia, Bukavu, Goma, Bunia na Kisangani,

Kila mwaka mwezi wa tatu tunaona mambo ileile. Vitenge vinashonwa, hotuba zinasomwa, wakubwa wanatamka neno "parite" mpaka mikrofoni inachoka. Tarehe 9 asubuhi, dada yetu anayesoma umeme anarudi kuketi peke yake katikati ya wavulana, na hakuna mkubwa anayemuuliza kama minervale yake imelipwa.

Hatuna shida na vitenge. Tuko na shida na sheria inayovaliwa siku moja na kuvuliwa kesho yake.

Sheria iko, tuseme ukweli. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 14, inaamuru Serikali iondoe kila ubaguzi juu ya mwanamke na ihakikishe parite katika taasisi za taifa, za jimbo na za mtaa. Ilichukua zaidi ya miaka 9 kupata sheria ya kutekeleza maneno hayo: sheria namba 15/013 ya tarehe 1 Agosti 2015. Mwaka 2016 wakarekebisha Kodi ya Familia ya 1987. Mbele ya hapo, mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya bwana yake kwa kutia sahihi mkataba wenye kumfunga kisheria. Mwanamke mhandisi, mwenye diploma yake mkononi, alipaswa kwanza kuomba nyumbani! Hiyo iliondolewa, na tunawashukuru akina mama waliopigana miaka mingi juu yake.

Sasa juu ya nini tunapiga kelele? Kwa sababu parite ya inchi hii imekuwa parite ya viti. Wanahesabu wanawake kwenye serikali, kwenye bunge, kwenye baraza za usimamizi. Tarehe 1 Aprili 2024, Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Kongo. Tulifurahi, na hatufichi furaha hiyo. Lakini kiti kimoja cha juu hakifungui mlango wa atelye ya mekanika. Sheria inamtazama mwanamke akiwa na miaka 40, siku ya kuteuliwa. Sisi tunajua kwamba mlango ulimfungikia akiwa na miaka 14.

Angalieni namna unavyofungwa.

Shule ya msingi ni ya bure tangu 2019. Sekondari bado inalipwa. Familia yenye makuta ya minervale moja tu inachagua mtoto mmoja, na tunajua ni nani anachaguliwa. Msichana akibahatika kuendelea, inafika siku ya kuchagua seksio. Kaka anaambiwa: hesabu-fizika, umeme, ujenzi. Dada anaambiwa: ushonaji, ualimu, biashara, "kazi za mwanamke". Hakuna sheria iliyomkataza. Ni mjomba, ni mwalimu, ni jirani, ni desturi. Lakini miaka michache nyuma, akishika diploma yake ya Serikali, hana msingi wa kuingia Politekniki. Siku ya kuajiri, mkubwa wa kampuni anasema kwa sauti nzuri: "Tungependa kuajiri wanawake, ila hawapatikane." Kweli hawapatikane. Mliwapoteza njiani.

Wale wachache wanaoshupaa wanakuta nini? Shule za ufundi ambazo hazina choo cha wasichana wala maji, na msichana anakosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Wanakuta walimu wanaouza pointi, na bei ya msichana haiko makuta, ni mwili wake. Wanafunzi wa inchi nzima wanalijua jambo hili, wako na majina ya utani ya kuliita, wanacheka nalo. Sisi hatucheki. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono inahesabu unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai. Kosa la jinai, si "mambo ya wakubwa". Mwalimu anayedai mwili juu ya pointi ni mtu wa kupelekwa mbele ya parke, hata awe profesa wa namna gani.

Halafu inakuja staji. Kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo bado wanaimba kwamba mwanamke akiingia ndani, madini yanakimbia. Ajabu ni hii: mwanamke huyohuyo anainama mtoni tangu asubuhi mpaka jioni akiosha mawe, na madini hayakimbie hata kidogo! Yanakimbia tu pale ambapo kuna makuta ya maana. Na fikra ya shimoni inapanda mpaka kwenye ofisi zenye hewa baridi: staji ya mgodini kwa kijana, staji ya sekretarieti kwa binti, na wote wawili walisoma kitu kimoja.

Tunasikia mnavyojibu. Wa kwanza anasema: "Wasichana wenyewe hawapendi hesabu." Robo zinazoongoza magari ya Kinshasa kwa nguvu za jua, tangu 2013, zilitoka mikononi mwa mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi. Sandrine Mubenga, mhandisi wa umeme, aliwekwa mwaka 2020 kuongoza mamlaka inayosimamia sekta ya umeme ya inchi nzima. Raïssa Malu, aliyeteuliwa 2024 kuwa waziri wa elimu ya taifa, ni mtu wa fizika. Hawa hawakufinyangwa kwa udongo mwingine. Lakini tusidanganyane: mtu asituonyeshe wanawake watatu na kusema kazi imekwisha. Ukihesabu wahandisi wanawake kwa majina, ujue bado ni wachache mno.

Wa pili anasema: "Mnataka zawadi. Sayansi ni akili, haiko parite." Ndugu, akili inapimwa siku wote wanakimbia. Mmoja ukimfunga miguu tangu seksio ya sekondari, halafu ukampongeza mwenzake kwa kushinda, hujapima akili ya mtu. Umepima kamba. Tena kijana wa familia maskini anayedhani hii ni vita juu yake, afikiri vizuri: choo, maji, minervale nafuu na mwalimu asiyeuza pointi vitamsaidia na yeye.

Wa tatu, mheshimiwa mbunge, anasema: "Sheria haiwezi kubadilisha desturi." Mheshimiwa, mnajua sana kutunga sheria yenye meno mkitaka. Mwaka 2017 mlitaka kazi za supu-kontrati ziende kwa kampuni za Wakongomani. Mkapiga kura sheria namba 17/001, ikawekwa mamlaka ya kuisimamia, zikawekwa adhabu. Kwenye uchaguzi, sheria ya 2006 ilisema kwamba kukosa parite hakufanye lista ikataliwe. Kwa hiyo vyama vikacheka. Mwaka 2022 mkabadilisha kidogo: lista yenye wanawake nusu au zaidi hailipi kosyo. Mligusa mfuko, vyama vikaanza kusikiliza. Basi mnajua siri: sheria inasikika ikiwa na hesabu, makuta na adhabu. Kwa msichana wa hesabu-fizika, iko wapi hesabu? Yako wapi makuta? Nani amekwisha kuadhibiwa?

Na makuta yako. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Kodi ya Migodi ya 2018 inagawa mrahaba wa madini: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo ambako madini yanachimbwa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kodi hiyohiyo inazilazimisha kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Kizazi kijacho si neno la hotuba. Ni dada zetu waliokaa nyumbani leo, kilometa chache toka shimo, juu ya kukosa minervale.

Kwa hiyo tunadai:

1. Bunge liongeze kwenye sheria ya parite sura ya sayansi na ufundi. Kila chuo, kila shule ya ufundi na kila kampuni ya migodi itangaze kila mwaka: wasichana wangapi wameingia, wangapi wamemaliza, wangapi wamepata staji na kazi. Anayeficha hesabu alipe faini.

2. Kila eneo linalopokea ile asilimia 15 liweke kwenye bajeti yake mstari wa minervale za wasichana wa seksio za sayansi na ufundi, pamoja na vyoo na maji kwenye shule hizo. Lista ya waliosaidiwa ihakikiwe na wazazi.

3. Kampuni za migodi ziandike kwenye mapatano yao na wakaaji hesabu ya staji za kiufundi kwa wasichana. Staji ya mgodini, si ya kubeba chai.

4. Kila chuo kikuu kiwe na tume ya kupokea mashtaka juu ya pointi, wanafunzi wakiwa ndani yake, na mitihani isahihishwe bila jina.

Na wewe unayesoma, usingoje Kinshasa. Kama una mdogo wako wa kike anayefika kuchagua seksio mwaka huu, keti naye na wazazi mbele ya kuandikisha. Kama uko chuoni, hesabu wasichana wa promosyo yako, utuletee hesabu hiyo. Kama mwenzako anacheka juu ya dada aliyeombwa mwili, mnyamazishe.

Waheshimiwa, kikao cha Septemba ni kikao cha bajeti. Hotuba hatutasikiliza. Tutasoma mistari, mmoja kwa mmoja, na tutatangaza jina la kila mbunge wa majimbo yetu aliyesema "parite" mwezi wa tatu na kunyamaza mwezi wa tisa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Inchi inayojenga kwa mkono mmoja, mwingine ikiwa imeufunga mgongoni, isishangae nyumba ikibaki bila paa. Ahadi ni deni, na deni hili tangu 2006 halijalipwa.

Tuko hapa. Hatunyamaze.