Haya ya Mwanamume Mbele ya Tabibu

Wahenga walituachia methali mbili ambazo wanaume wa mwambao wetu wazijua sana kuzitamka, lakini wakifika mlangoni pa spitali huwapotea. Ya kwanza ni "Mficha uchi hazai". Ya pili ni "Mficha maradhi, kifo humuumbua". Mtu aweza kukaa barazani tangu alasiri hata isha akizifafanua methali hizi kwa ustadi, naye ana miaka hamsini na mitano na hajapata kupimwa presha hata siku moja.

Ukimwuliza sababu, atakwambia kwamba yeye, alhamdulillahi, ni mzima, haumwi na kitu. Ukimbana zaidi, atasema kwa sauti ya chini kwamba hataki kuvuliwa nguo.

Jawabu la kwanza ni jepesi kujibiwa. Presha haibishi hodi, na sukari yaweza kukaa mwilini miaka bila ya mwenyewe kuhisi lolote, mpaka jicho lififie au kidonda cha mguu kikatae kupona. Jawabu la pili lataka heshima, kwani latokana na jambo jema. Haya ni pambo la Muislamu, na tangu chuoni tumefunzwa kwamba uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Basi tutazame ni nini hasa kifanywacho huko, ndipo tujue kama hofu hii ina msingi.

Kwanza ni maswali: umri, kazi, sigara na miraa, usingizi, dawa unazotumia, na maradhi ya wazazi wako. Hapa patakiwa ukweli mtupu. Baba aliyekufa kwa kiharusi si siri ya nyumba. Ni habari ya kumfaa mwana. Kisha hupimwa uzito, kimo na kiuno. Mkononi hufungwa kitambaa kinachojazwa upepo, ndicho cha presha. Iliyo njema ni chini ya 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90, na ikarudiwa siku nyingine ikawa vivyo hivyo, hiyo ni presha ya kutibiwa. Damu kidogo hutolewa kutazama sukari, mafuta na figo, na mkojo hutiwa katika kikopo. Aghalabu sukari hupimwa kwa tumbo tupu, muda wa saa nane bila ya kula, na maji ni ruhusa. Kwa mtu aliyezoea kufunga Ramadhani hilo si zito. Sukari hiyo ikifika milimoli 7 kwa lita, kipimo hurudiwa kuhakikisha, kwani ni dalili ya ugonjwa. Mwishowe daktari hutazama macho, kinywa na shingo, husikiliza moyo na mapafu, na hubonyeza tumbo.

Hesabu basi, ndugu msomaji. Katika hayo yote, ni lipi lililogusa uchi? Shati limefunguliwa vifungo, na kikoi kiko pale pale kiunoni.

Yaliyobaki ni mawili. Moja ni kutazama ngiri na busha. Sisi watu wa pwani twalijua busha kuliko watu wa bara, kwani aghalabu hutokana na minyoo myembamba ienezwayo na mbu, hiyo hiyo iletayo matende. Wapo wazee waliolibeba miaka na miaka ndani ya kanzu pana, hawaketi vizuri, hawaendi harusini, na hata kusujudu wasujudu kwa taabu, hali ya kuwa ni jambo la kupasuliwa mtu akarudi kwake. La pili ni tezi dume, iliyo chini ya kibofu. Saratani yake ndiyo iwapatayo zaidi wanaume wa Kenya kuliko saratani nyingine. Wengi waogopa kidole cha daktari, lakini siku hizi uchunguzi huanza aghalabu kwa damu ya mkononi, baada ya mtu kuelezwa faida na hasara ya kipimo chenyewe. Kidole kikihitajiwa, ni jambo la dakika moja, na ruhusa ni yako.

Wanazuoni nao hawakutuacha gizani. Wameeleza kwamba tabibu aweza kutazama palipositiriwa kwa kadiri ya haja ya tiba, wala si zaidi, na mwanamume atazamwe na mwanamume akipatikana. Wala utabibu wenyewe si adui wa haya. Kile chombo cha kusikilizia moyo kilizaliwa na haya: mwaka 1816, mjini Paris, tabibu René Laennec aliona vibaya kuweka sikio lake kifuani mwa mwanamke kijana, akakunja karatasi ikawa kama mrija, akasikilizia hapo. Haya haikumzuia kupima. Ilimfunza namna ya kupima.

Kwa hivyo lawama si ya wanaume peke yao. Zahanati isiyo na pazia, ambapo mtu huulizwa habari za mkojo wake mbele ya foleni nzima, yawafukuza wazee kwa mikono yake yenyewe. Nao makhatibu wetu, wahubirio sitara kila Ijumaa, waseme pia kwamba kuuhifadhi mwili ni amana. Wake zetu wakishika mimba hupimwa presha kila waendapo kliniki, wala hakuna asemaye kwamba wamevunja heshima. Kwa nini mume aone fedheha kwa kitambaa kile kile?

Rai yangu ni kwamba kila mwanamume aliyepita miaka arubaini aende akapimwe, na mwezi mwema wa kwenda ni Rajabu au Shaabani, ili mwenye sukari au presha ashauriane na daktari kabla ya kufunga. Aombe daktari mwanamume, aombe pazia, aulize kila jambo kabla ya kuguswa. Hiyo ni haki yake.

Asiyetaka, basi na akumbuke methali ya tatu: "Aibu ya maiti aijuaye mwosha". Mwili ule anaomficha tabibu awezaye kumponya, iko siku mwosha ataufunua, naye hana dawa yoyote ila maji na karafuu maiti.