Mwenye Bastola Apimwe Hasira, Si Karatasi Tu

Novemba 2006, eneo la Kawe jijini Dar es Salaam, daladala na gari la kiongozi wa serikali viligusana barabarani. Ni ajali ya aina ile ambayo kila siku humalizwa kwa kurushiana maneno, kumwita trafiki, au kupeana namba za simu. Ile ya Kawe iliishia kwenye mlio wa bastola. Dereva wa daladala alipigwa risasi akafa, na aliyefikishwa mahakamani alikuwa Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, Mkuu wa Mkoa wa Tabora wa wakati huo. Shtaka la mauaji lilibadilishwa baadaye kuwa la kuua bila kukusudia. Ditopile alifariki Aprili 2008 kabla kesi haijaamuliwa, kwa hiyo mahakama haikupata kutamka kosa lilikuwa la nani.

Katika kisa hicho hakukuwa na jambazi. Kulikuwa na foleni, magari mawili, na bastola iliyokuwa karibu na mkono.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila mtu anapoanza kuulizia utaratibu wa kumiliki silaha ya kujilinda, na wanaoulizia wapo wa kila namna: mfanyabiashara anayerudi nyumbani na mauzo ya siku, wakala wa fedha za simu anayefunga kibanda saa tatu usiku, mfugaji anayelala mbali na kituo cha polisi, mama aliyevunjiwa mlango watoto wakiwa ndani. Hofu yao ni ya kweli na haifai kubezwa na mtu anayelala nyuma ya ukuta wenye walinzi. Tatizo ni kwamba wengi huanza na swali la aina ya bastola na bei yake, ilhali swali zito linamhusu mwombaji mwenyewe: akitukanwa barabarani, akigombana na mkewe, akishtuka usingizini, mkono wake utafanya nini?

Sheria za Afrika Mashariki zinalijua swali hilo, angalau kwa maandishi. Si Tanzania wala Kenya ambako katiba inampa raia haki ya kuwa na bunduki. Silaha ni kibali cha dola, na dola inaweza kukitwaa. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inayomtaka mwombaji awe na sababu ya msingi ya kutaka silaha, na inayomkatalia cheti mlevi na mtu asiye na akili timamu. Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wa Kenya wenye bunduki wahakikiwe upya, kwa sababu vyeti vilikuwa vimewafikia watu wasiostahili. Kufikia hatua ya kuwarudisha wote kwenye mstari mmoja ni ushahidi tosha kwamba mchujo wa awali ulikuwa na matundu.

Kuhusu matumizi, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18 na vifungu vinavyokifuata, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kulinda mali yake. Papo hapo inamwekea mpaka: atumie nguvu ile tu inayohitajika kuzuia shambulio, na akizidisha atajibu kwa jinai. Anayemmiminia risasi mwizi anayekimbia na televisheni mgongoni hajajitetea. Amempiga risasi mtu anayemkimbia, na ataulizwa.

Mtu anaweza kuyajua yote hayo kwa kichwa na bado akaua. Ushahidi upo Pretoria.

Afrika Kusini inawabana waombaji kuliko nchi nyingi za bara hili. Sheria yake ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000 inamtaka mwombaji asome, afanye mtihani na apate cheti cha umahiri kabla hata ya kuomba leseni. Leseni ya kujilinda ni ya silaha moja na hudumu miaka mitano. Mwanariadha Oscar Pistorius alipita katika njia hiyo. Katika kesi yake, Machi 2014, mfanyabiashara wa silaha aliyekuwa akimuuzia aliieleza mahakama jinsi Pistorius alivyojibu mtihani ule: aliulizwa kama inaruhusiwa kumpiga risasi mtu aliyeingia nyumbani kuiba lakini hatishii uhai, akajibu hapana. Aliandika pia kwamba mpigaji lazima ajue anachokilenga na kilichopo nyuma yake.

Alfajiri ya Februari 14, 2013, mtu huyohuyo alifyatua risasi nne za milimita 9 kupitia mlango wa choo uliofungwa. Nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Pistorius alidai alidhani ni mvamizi. Jaji wa kwanza alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, lakini Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufani ilibadilisha na kusema ni mauaji. Hoja yake ndiyo inayomhusu kila mwenye bastola: haijalishi alidhani nani yuko ndani, kwa kuwa anayefyatua risasi nne kwenye chumba kidogo kiasi kile anajua kwamba aliyemo anaweza kufa, na hakuna aliyekuwa amemshambulia. Mwaka 2017 kifungo chake kiliongezwa hadi miaka 13 na miezi mitano, na Januari 2024 akaachiwa kwa parole.

Kuna jambo jingine katika kesi hiyo ambalo halizungumzwi sana. Mwezi mmoja tu kabla ya kifo cha Reeva, Pistorius alikuwa mezani na rafiki zake kwenye mgahawa mmoja wa Johannesburg uliojaa watu. Bastola ya rafiki ilipitishwa chini ya meza ikamfikia, ikalia. Mahakama ilimtia hatiani kwa tukio hilo pia. Nchi ambayo ingekuwa na utaratibu wa kumnyang'anya mtu silaha siku ileile anapoonyesha uzembe wa namna hiyo ingeingilia kati kabla ya Februari.

Wapo watakaosema mifano hii imechaguliwa upande mmoja, na wana haki ya kusema, maana upande wa pili una mfano mzito nao. Jumamosi ya Septemba 21, 2013, magaidi wenye bunduki za AK-47 walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na watu 67 waliuawa. Kabla kikosi kikubwa cha serikali hakijajipanga, walioingia mwanzoni walikuwa askari wachache waliovaa kiraia pamoja na raia wenye bastola za leseni. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, mtoto wa aliyewahi kuwa Waziri wa Ulinzi, ambaye ndugu yake alikuwa amekwama ndani. Picha ya shirika la Reuters inayomwonyesha akiwa amenyoosha mkono kumpokea mtoto mdogo anayekimbia kuelekea kwake ilizunguka dunia nzima. Watu wengi walitoka hai siku ile kwa sababu ya watu hao, na anayepigania sheria kali hana budi kulikubali hilo bila kuuma maneno.

Lakini wanaoutaja mfano wa Westgate wautaje wote. Haji alisimulia baadaye kwamba alikulia katika familia iliyojua silaha, na hakuingia kama mtu aliyenunua bastola wiki iliyopita. Tena katika vurugu zile kamanda wa kikosi cha polisi cha Recce aliuawa kwa risasi za wanajeshi, watu wa upande wake. Ikiwa ofisa mwenye mafunzo ya miaka anaweza kudhaniwa adui, raia asiye na sare aliyeshika bastola hadharani yuko kwenye hatari kubwa zaidi.

Baada ya hapo ndipo lije suala la chombo chenyewe, na hapa ushauri unaotolewa vijiweni ni wa kutisha. Utasikia mtu anasifia Ceska, mwingine Glock, kama wanavyojadili simu. Kwa anayeanza, tofauti kubwa ni kati ya revolva na bastola ya magazini. Revolva hubeba risasi tano au sita, mashine yake haina mengi, na ukifungua gurudumu lake unaziona risasi zote kwa macho. Bastola ya magazini hubeba nyingi zaidi na hujazwa haraka, ila ina mtego uliokwisha kuua watu wengi majumbani. Mtu huchomoa magazini, akaamini bastola ni tupu, akaanza kuifuta au kumwonyesha rafiki. Kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba. Kuvuta kitelezi nyuma, kuchungulia chemba na kupitisha kidole humo kuhakikisha hakuna kitu ni kazi ya sekunde chache, na anayeona uvivu kuifanya kila mara asipewe leseni. Baadhi ya bastola, Glock ikiwemo, hazina kitufe cha pembeni cha kuzuia kufyatuka, kwa hiyo kinachokulinda ni ala inayofunika kifyatulio na kidole kinachokaa mbali nacho.

Bastola ndogo ya kuficha nayo ina hila. Inapendwa kwa sababu haionekani chini ya shati, lakini ni ngumu kuipiga kuliko kubwa: inaruka mkononi, na mtutu mfupi unakuza kila kosa la mlengaji.

Namna ya kuibeba ina uzito kuliko jina la kiwanda. Desemba 2014, katika duka la Walmart mjini Hayden, jimbo la Idaho nchini Marekani, mama mmoja aliyekuwa na kibali halali aliweka bastola kwenye mkoba wake akaenda dukani na watoto. Mtoto wake wa miaka miwili alifungua zipu, akaishika, ikafyatuka, na mama akafa palepale kati ya rafu za bidhaa. Mkoba, droo ya kitanda na chini ya siti ya gari si mahali pa kuweka bastola. Ikiwa haipo kiunoni kwa mwenyewe, iwe ndani ya kasiki lililofungiwa ukutani, risasi zikiwa zimetengwa.

Hata aliyeibeba vizuri asijidanganye kuhusu wepesi wake. Mwaka 1983 askari wa Marekani, Dennis Tueller, alipima na kukuta kwamba mtu mwenye kisu huweza kukimbia futi 21, yaani mita sita na kitu, kwa sekunde moja na nusu, muda ambao askari aliyefunzwa anauhitaji kuchomoa bastola na kupiga. Majambazi wa pikipiki wanaogonga kioo cha gari kwenye foleni wako karibu zaidi ya hapo, na wao silaha zao tayari ziko nje. Raia anayefanya mazoezi mara moja kwa mwaka, mwenye bastola chini ya koti na mkanda wa gari kifuani, anampelekea jambazi silaha ya pili.

Na kuna hatari isiyopenda kutajwa mezani. Marekani, ambako raia wengi wana silaha na zaidi ya nusu ya majimbo sasa yanaruhusu kubeba bastola bila kibali chochote, zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu waliojiua wenyewe. Utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, ulikuta kwamba nyumba zenye bunduki ziliambatana na uwezekano wa mtu kuuawa nyumbani karibu mara tatu ya nyumba zisizo nayo, na kwa kiasi kikubwa muuaji alikuwa ndugu au mtu wa karibu. Mazingira ya Buguruni au Eastleigh si ya Marekani, ni kweli. Ila ugomvi wa mume na mke, pombe, madeni na msongo wa mawazo havina uraia.

Kwa hiyo msimamo wa makala hii ni kwamba leseni ziendelee kutolewa kwa wanaostahili, lakini kipimo kibadilike. Karatasi za kuthibitisha kwamba mwombaji hana rekodi ya jinai zinaeleza jana yake, na kwa watu wengi wanaokuja kuua kwa hasira jana ilikuwa safi. Kabla ya kutoa au kuhuisha kibali, polisi wamsikilize mwenzi wake faraghani, bila yeye kuwepo, kwa sababu hakuna ajuaye hasira za mtu kama anayelala naye. Wamweke uwanjani apige shabaha mbele yao, apakue silaha yake mbele yao, ataje ni lini asipige. Waende kulikagua kasiki nyumbani badala ya kupokea picha yake. Na mtu akikutwa amebeba bastola baa, au akiitoa kwenye ugomvi wa barabarani hata asipoifyatua, ipokonywe siku hiyohiyo bila kusubiri kesi, awe mkuu wa mkoa, mbunge au mwenye duka.

Utaratibu wa kuzirudisha silaha nao upewe nguvu. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa wa kusalimisha silaha zisizo halali bila kushtakiwa. Mlango kama huo ungewafaa pia wenye silaha halali ambao hawazihitaji tena: wajane walioachiwa bastola ya marehemu, wazee ambao mikono imeanza kutetemeka, mtu aliyeanza kuugua sonona na anaogopa kilichomo kabatini mwake.

Wewe unayefikiria kuomba, anza na mlango wa chuma, taa ya nje, mbwa, na namba za simu za majirani watatu wanaoamka usiku. Bado ukiona hazitoshi, lipia mafunzo kwanza, kisha kasiki, na bastola iwe ya mwisho kununuliwa. Kama unakunywa, au uliwahi kumpiga mtu wa nyumbani mwako, usiombe.